Msiba Uliohamia Novemba

Nawategea kitendawili kimoja kabla mambo hayajachanganyika. Nyumba ndogo, haina mlango wala dirisha. Wageni wanaingia mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata mmoja anayetoka. Mkishindwa msinipe mji. Mji ninao tayari, nao ni Itindwe, ule uliojengwa juu kabisa Upareni baada ya joto la mabondeni kufikia kuwaunguza kuku bandani. Na jibu ni tarehe. Tarehe tisa Novemba, basi, maana huko Itindwe kila baya lililowahi kuwapata watu liliwapata tarehe tisa Novemba.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya tarehe hiyo, Nakijwa alikuwa uani kwake anachemsha makande ya kwanza ya Siku Kuu ya Kumbukumbu, yeye na jirani yake Naetwe. Sufuria lenyewe lilikuwa kubwa la kumficha mtu. Naetwe anachochea kuni, Nakijwa anageuza kwa mwiko mrefu, na juu ya mlingoti wa uwanjani Msomaji alikuwa anajaribu sauti yake. Msomaji hakuwa mtu. Ilikuwa spika ya bati yenye sauti ya mwanamke mpole, na kila mwaka siku zilipokaribia ilianza mazoezi.

"Siku kama hii, mwaka wa ukame, mashamba yote ya bondeni yaliteketea. Siku kama hii, mwaka wa kikohozi, watoto wengi wa Itindwe walifariki. Siku kama hii, mlima uliporomoka ukafunika barabara na waliokuwa wakipita."

"Leo sauti imekwaruza," Naetwe akasema. "Kama imekula pilipili."

"Siku kama hii, katika mvua kubwa, ndiva ya Itindwe ilipasuka ikasomba nyumba za chini. Mlinzi wa lango, Nanzia binti Mcharo, alipitiwa na usingizi."

Nakijwa akaendelea kugeuza makande. Nanzia alikuwa mwanawe, wa pekee. Kazi yake ilikuwa kulinda ile ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilofundishwa kulijenga na wazee wa zamani: maji yanaingia usiku, asubuhi baragumu linapulizwa, lango linafunguliwa, na kila shamba linapata zamu yake. Binti huyo alikufa na maji yake. Na kila mwaka mbele ya mji mzima Nakijwa alisikia kwamba waliokufa walikufa kwa sababu mwanawe alilala. Watu hawakumtukana, hata siku moja. Walimpigapiga mgongoni. Heri wangemtukana.

"Usiinamishe kichwa, moshi utakuingia," Naetwe alimwambia. "Mimi watoto wangu watatu wamo humo kwenye kikohozi, umewahi kuniona nalia siku kama ya leo? Tarehe tisa nitalia mpaka nitoke kamasi, tarehe kumi nitafua nguo. Ndivyo tulivyo."

"Ndivyo tulivyo," Nakijwa akaitikia. Akainama kuonja chumvi, na kipuli chake kikachomoka sikioni kikatumbukia ndani ya makande.

Naetwe alicheka mpaka akakaa chini. "Haya! Mwaka huu tutakula kipuli chako na maharage!"

Walikivua kwa mwiko. Kilikuwa kimekufa, ile taa yake ya kijani kibichi haipo. Kila mtu Itindwe alikuwa nacho, kidogo kama punje ya mtama, na hakuna aliyekivua, hata akioga. Nakijwa alijishika sikio, akaliona jepesi mno.

*

Fundi Kajiru alikuwa na kibanda chake nyuma ya uwanja, chini ya mlingoti. Kijana mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alipokiona kile kipuli mkononi mwa Nakijwa alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Umekivua lini, Mama Nanzia?"

"Sijakivua. Kimejitupa chenyewe kwenye sufuria. Asubuhi hii."

"Umepita wapi toka asubuhi?"

Swali gani hilo? Mtu anapeleka redio kwa fundi, fundi anamuuliza alikopita? "Nimepita njiani," Nakijwa akajibu.

Kajiru akafungua kile kipuli kwa sindano, akakisogeza karibu na taa. Ndani mlikuwa na uzi mwembamba wa fedha uliojiviringisha. Nakijwa hakuwahi kuona cha ndani, akainama aone.

"Huu uzi unafanya nini?"

"Unatuliza." Kajiru aliongea bila kumtazama. "Mtu akipatwa na jambo zito, kipuli kinalisikia. Kinalishika taratibu, lisimuue. Halafu tarehe tisa Novemba saa sita mchana, mashine ya mlingotini inavishona vyote pamoja. Yale mazito ya mwaka mzima yanakaa kwenye siku moja, na siku zilizobaki zinakuwa nyepesi, watu wanalima."

"Yanakaa, au yanahamishwa?"

Mkono wa Kajiru ulisimama na sindano. "Nimesema yanakaa."

"Nimesikia ulivyosema."

"Kimeungua. Lazima niagize kingine kwa Mwenyekiti. Mama yangu, sikiliza. Hizi siku mbili tatu kaa nyumbani. Pumzika. Usiende makaburini."

"Nani amekwambia nataka kwenda makaburini?"

"Hakuna. Nasema tu."

Nakijwa akatoka. Alikuwa hana habari na makaburi siku hiyo. Mawazo yake yalikuwa kwenye makande. Lakini umwambie mtu asigeuke nyuma, shingo yake itamuwasha mpaka ageuke. Alishika njia ya makaburini moja kwa moja, tena kwa mwendo wa mwenye haraka.

*

Kaburi la Nanzia liliota masale pande zote nne, ile mimea ya majani marefu wanayopanda Wapare mahali pa heshima. Majani yalikuwa yananing'iniza matone, kwa kuwa vuli ilishaanza na ukungu ulikuwa umekalia mlima. Nakijwa akakaa kwenye jiwe. Akaangalia. Hakuna kitu cha kutisha pale. Akaanza kujicheka.

Kisha mkono wake wa kulia ukauma.

Uliuma kiganjani, mahali pa kushikia ndoo. Akakiangalia kiganja: hakina jeraha. Lakini kilikuwa kinakumbuka. Kilikuwa kinakumbuka ndoo ya bati yenye mkono mkali, na yeye anapanda kutoka chemchemi ya chini, anatua, anapumzika, anapanda tena, anamimina maji kwenye yale masale ili yasife. Kila siku. Miguu ina vumbi hadi magotini. Udongo wa kaburi ulikuwa umepasuka kama kisigino.

Nakijwa alikaa pale mpaka ukungu ukamlowesha kilemba. Alizaliwa mkulima na akazeeka mkulima. Hakuna mkulima wa Upareni anayebeba ndoo kumwagilia masale mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa kumi na moja unaomba mvua ipungue.

Basi nani alikuwa mwongo? Kiganja, au Msomaji?

Jioni alimpitia Naetwe, akamkuta anachambua mboga.

"Naetwe, tulipomzika Nanzia, kulikuwa na mvua?"

"Mvua kubwa. Si ndiyo iliyopasua ndiva?"

"Uliiona?"

"Nakijwa, unaumwa? Kila mtu aliiona."

"Nakuuliza wewe. Ulilowa? Ulivaa nini? Uliteleza?"

Naetwe akaokota jani la mboga, akalitazama pande zote kana kwamba limeandikwa. "Ilikuwa mvua kubwa," akasema tena, kwa sauti ileile na maneno yaleyale. Ilikuwa sauti ya rafiki yake, lakini maneno yalikuwa ya yule mwanamke wa bati.

Usingizi aliupata kwa shida. Na kesho yake mambo yakaendelea kurudi kidogokidogo, kama mguu unavyotoka ganzi, kwa kuchomachoma. Hakuyaamini yote. Alijiuliza kama ni uzee, kama ni akili ya mama inamtengenezea mwanawe udhuru. Ndiyo maana kila jambo lililorudi alilipima kwa mikono: nilishika nini, kilikuwa cha moto au cha baridi, kikavu au kimelowa. Mambo ya kichwani aliyaweka kando.

*

Mwenyekiti Mziray alikuja mwenyewe. Hilo tu lilitosha kumshtua mtu. Mwenyekiti ana watu wa kuwatuma, na mguu wake mmoja haupendi milima. Alikuja na fimbo, na kiboksi kidogo cha kipuli kipya, na kilo mbili za sukari.

Nakijwa aliitazama ile sukari kuliko alivyokitazama kipuli. Tangu amjue mtu huyu hajawahi kumletea hata kiberiti.

"Hodi, Mama Nanzia."

"Karibu, Mwenyekiti. Msiba wa nani?"

"Hakuna msiba."

"Naona sukari."

Mzee Mziray akacheka, lakini macho hayakushiriki. Akakaa. Akasifu makande, akasifu paa, akauliza habari za mgongo. Mwishowe akafungua kiboksi. "Kajiru ameniambia umekaa bila kipuli. Si vizuri kwa umri wetu. Njoo nikuvalishe."

"Wageni wa mtambo wa umeme walikuja mwezi gani, Mwenyekiti?"

Kile kipuli kilikuwa katikati ya vidole vyake. Kilibaki hapo.

"Wageni gani?"

"Wale wakubwa, waliokuja kuona ndiva yetu ikizungusha mtambo. Nimewakumbuka jana. Mji ulipambwa kwa matawi. Mwezi wa nane, kiangazi, baridi kavu ile. Hilo halina uchungu, kwa hiyo halijahamishwa. Hata Naetwe ananiambia mwezi wa nane. Nikamuuliza, waliondokaje? Hajui. Tulichinja ng'ombe. Nikamuuliza, nani alikula nyama? Hajui. Ng'ombe mzima, Mwenyekiti, na mji wetu huu ninavyoujua kwa nyama."

Mziray akaweka fimbo sakafuni. Alizeeka palepale kitini, Nakijwa anamwangalia.

"Funga mlango," akasema.

"Hapana. Uache wazi."

Wakakaa hivyo, mlango uko wazi, kuku anaingia na kutoka. Na Mwenyekiti akasema.

Wageni walikuwa wanafika asubuhi. Alitaka ndiva ijae kupita alama, maji yaruke kwa nguvu, mtambo uwake, wageni wakubali kuwajengea mingine. Akafunga lango kwa kufuli, akaondoka na ufunguo. Nanzia alikuja mlangoni kwake akagonga, akasema ukuta unatoa jasho, anaomba ufunguo. Mziray alimjibu kutoka ndani, asubiri wageni. Binti akarudi. Alipuliza baragumu lile mpaka watu wa juu wakatoka nyumbani, na wa chini wangetoka pia kama wangekuwa na muda. Alfajiri ukuta ukaondoka.

"Alipuliza," Nakijwa akasema. Hakuuliza. Alilisikia, lilikuwa linatoka mbali sana, lakini lilikuwa baragumu.

"Alipuliza."

"Na kila mwaka unakaa kiti cha mbele unasikia kwamba alilala."

"Sikusema mimi! Naapa." Sauti ya mzee ikapanda. "Mashine haisemi uongo, Mama Nanzia, inahamisha tu. Ilichukua ule msiba wa Agosti ikauweka Novemba. Na kumbukumbu ukiiweka mahali pa mvua, inalowa yenyewe. Wageni wakabaki Agosti vichwani mwa watu, maiti wakahamia Novemba, hakuna anayewakutanisha. Watu wakatafuta sababu kwenye mvua. Lango halikufunguliwa, mlinzi alikuwepo. Wakasema alilala. Walisema wenyewe."

"Na wewe ukanyamaza. Wewe unakumbuka kwa nini? Chako hakishonwi?"

Mziray akajigusa sikio. "Lazima mmoja akumbuke. Mtu wa kuongoza mashine. Unadhani ni raha?"

Nakijwa alimtafuta usoni. Machozi yalikuwepo. Aliyapima kama alivyopima mambo yake yote siku hizo, na hayakumpa jibu. Machozi hayana mwezi.

"Sasa nisikilize," Mziray akasema, na hapa sauti yake ikawa ya mkutanoni. "Hukumbuki jinsi tulivyoishi kabla ya mashine. Kila siku kulikuwa na mtu kalala chini. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, hakuna anayechimba mfereji, watoto waliobaki wanakufa njaa huku mama zao wanalilia waliokufa. Tulikubaliana wote, mji mzima, kwa kunyoosha mikono. Wewe pia ulinyoosha. Kisha tukakubaliana hata hilo lishonwe. Ukisimama ukaufumua uzi mmoja, vyote vinafumuka. Naetwe ana watoto watatu humo. Unataka kumrudishia?"

Hapo alimpata.

"Nitafanya hivi," Mziray akaendelea kwa upole. "Nitamtoa Nanzia kwenye usomaji. Jina lake halitasomwa tena. Vaa kipuli, mwaka huu utakaa Siku Kuu umeinua kichwa."

"Na nisipovaa?"

"Asiye na kipuli si mwenzetu. Hana zamu ya maji."

Alikiacha kile kiboksi juu ya sukari, akaondoka na fimbo yake, mguu mmoja unavuta.

*

Kajiru alikuja kesho yake akijifanya anapima nyaya za ukuta. Alipima ukuta mmoja mara tatu.

"Sema, mwanangu," Nakijwa akamwambia. "Huo ukuta haujakukosea."

"Mama, mimi nilikuwa mtoto. Sijui kilichotokea. Ila kazi yangu naijua, na naona mle ndani ya mashine mambo yamewekwa juu ya mambo, hayalingani. Nimekaa na hilo muda mrefu." Alivua miwani, akaifuta, ikazidi uchafu. "Kuna waya mmoja. Nikiukata kabla ya saa sita tarehe tisa, badala ya kushona itafumua. Mji mzima. Kila mtu atakumbuka kila kitu, papo hapo. Hutahitaji hata kusema. Watamjua Nanzia."

Papo hapo! Nakijwa akaiona sura ya Mziray kwenye kiti cha mbele. Akaona watu wote wanamgeukia yeye, na hakuna hata mmoja anayempigapiga mgongoni. Kisha akamshuku Kajiru: ametumwa? Anapimwa? Akamtazama vidole; vilikuwa vinatetemeka, na mtu aliyetumwa huwa anatuliza vidole.

"Na Naetwe?" akauliza.

"Naye atakumbuka."

"Amesimama na sahani ya makande mkononi, anacheka na wenzake, halafu watoto watatu wanamfia kwa pamoja."

Kajiru akairudisha miwani usoni.

"Mtu haingii nyumbani kwa mwenzake akamvua nguo bila hodi. Usikate."

"Basi watamsoma mwanao vilevile."

"Usikate, nimesema. Ila hiyo spika, unaweza kuinyamazisha nikiwa na neno?"

"Kuinyamazisha ni kubonyeza tu."

"Haya. Nenda. Na hizo nyaya ziko salama, umezipima za kutosha."

*

Tarehe tisa mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Watu walijaa uwanjani mbele ya ndiva mpya, nguo safi, vipuli vinawaka kijani kila sikio. Sikio la Nakijwa lilikuwa giza. Walioona waliinama wakanong'onezana, na waliokaa karibu naye wakasogea kidogo, kama ana homa ya kuambukiza.

Msomaji alisoma ukame. Akasoma kikohozi, watu wakalia, Naetwe akalia kwa sauti kuliko wote. Akasoma mlima. "Siku kama hii, katika mvua kubwa, ndiva ya Itindwe ilipasuka," akasema, na Nakijwa akangoja kuona kama Mziray atatimiza ahadi ya kumfuta mwanawe. Lakini hakuwahi kujua. Spika ilikwaruza, ikanyamaza.

Nakijwa akasimama.

"Samahani jamani. Nina kitendawili."

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema, "Bibi, leo ni kilio!" Mwingine akajibu kwa mazoea tu, "Tega!"

"Ng'ombe kachinjwa, nyama haikuliwa, wageni hawakuaga."

Yakaanza majibu, maana watu wa Itindwe hata kwenye kilio hawawezi kuacha kitendawili kipite. Ng'ombe mgonjwa! Wageni Waislamu, mchinjaji siye! Wengine wakacheka na machozi mashavuni.

"Mnashindwa. Nitawasaidia. Wageni wa mtambo, walikuja mwezi gani?"

"Wa nane!" uwanja mzima.

"Tulichinja?"

"Tulichinja!"

"Nani alikula? Anyooshe mkono aliyekula hata mfupa."

Mikono ilianza kupanda. Ikafika mabegani. Ikashuka. Watu wakawa wanatazamana, na ule mtazamano ukawa unaenea kama moto wa majani, huyu anamuuliza yule, mume anamuuliza mke. Mwenyekiti Mziray alikuwa amesimama. "Mama Nanzia mgonjwa, hana kipuli, mkalisheni chini," akasema, lakini hakuna aliyeinuka.

"Sina kipuli, ni kweli," Nakijwa akasema. "Na sitamvua mtu chake. Ninachojua nawaambia, kisha nitakaa. Nilimwagilia masale ya kaburi la mwanangu kwa ndoo. Kwa ndoo, nyie wakulima. Hapakuwa na mvua. Ndiva ilipasuka siku ya wale wageni, lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo haukuwa kwa Nanzia. Alipuliza baragumu mpaka mwisho. Hakulala. Aliye na ufunguo yuko pale mbele, na anaweza kunikanusha."

Uso wa mji ukageuka wote kwa Mziray. Angeweza. Alikuwa na sauti, alikuwa na miaka yote ile ya kuaminiwa, naye Nakijwa hakuwa na kitu ila kiganja. Mzee akafungua mdomo. Akaangalia ndiva. Akakaa chini.

"Hayo ndiyo ya kwangu," Nakijwa akaendelea. "Mengine yote mnayosomewa hapa sijui yalitokea lini. Yanaweza kuwa na siku zake. Anayetaka kujua, sikio ni lake. Asiyetaka simcheki, mimi mwenyewe siku hizi chache nimetamani kukirudisha. Dawa ile ni tamu. Lakini kuna mtu inamwumiza."

Saa sita ikagonga. Ile mashine ikavuma juu ya mlingoti kama nyuki. Wengi walishika masikio yao, lakini ni wachache waliovua. Nakijwa aliona taa za kijani zikififia moja hapa, moja pale, kisha wengine wote wakafumba macho na kushonwa. Naetwe alikuwa amempa mgongo.

*

Zamu ya maji ya Nakijwa ilipofika hakuipata. Lilikuwa la kutarajiwa. Mziray hakuonekana, walisema anaumwa, wengine wakasema ameitisha mkutano, wengine wakasema anafunga mizigo. Kwenye usomaji mpya uliobandikwa uwanjani jina la Nanzia lilikuwa halimo kabisa, na pembeni mtu asiyejulikana alikuwa ameandika kwa mkaa: *Alipuliza.* Kulipofutwa, kukaandikwa tena.

Naetwe hakuja. Hakuja kuomba chumvi, hakuja kurudisha ungo. Nakijwa alimsikia upande wa pili wa ua akifua, na hakuna kicheko. Siku moja hakumsikia kabisa. Siku iliyofuata alisikia kitu ambacho mwanzo alidhani ni mnyama.

Alitaka kukimbia aende. Akajizuia. Alijua anayelia vile ametoa wapi machozi yake, na alijua ni nani aliyemwonyesha njia.

Naetwe alikuja mwenyewe, asubuhi, bila hodi. Sikio lake lilikuwa giza, macho yamevimba yamekuwa mstari. Akasimama katikati ya ua wa Nakijwa akamnyooshea kidole.

"Hawakufa siku moja."

"Naetwe..."

"Nyamaza! Hawakufa siku moja. Elinami alianza. Tukamzika, nikarudi, nikamkuta Namsifu anakohoa. Kisha yule mdogo akapona, Nakijwa. Alipona! Alikaa hadi Pasaka, akala wali, akacheza hapa hapa uani kwako, na mimi nikaamini. Nilikwenda mnadani kuuza maparachichi, nikaacha amelala. Nikarudi na mkate." Akashindwa. "Hiyo Pasaka ilikuwa imepotea. Ile Pasaka yake yote. Waliikunja pamoja na kifo chake wakaipeleka Novemba. Kwa nini hukuniacha?"

Nakijwa hakujitetea. Alisimama wakatazamana, na Naetwe akampiga kofi. Halikuwa kofi la mchezo. Kisha akamwangukia kifuani, na wakaenda chini wote wawili, wazee wale, wakakaa kwenye udongo wa ua kama wasichana.

Jua lilitoka, likawakuta.

"Alicheza nini?" Nakijwa akauliza. "Hapa kwangu. Hiyo Pasaka."

Naetwe akafuta pua kwa kanga. "Alikuwa anamfukuza yule jogoo wako mwekundu. Unamkumbuka?"

"Mkorofi."

"Akamwogopa mwanangu." Akacheka kidogo, kicheko kibovu, kilichopasuka, lakini chake, hakuna mwanamke wa bati angeweza kukicheka. Kisha akahesabu kitu kwa vidole.

"Pasaka inakuja Aprili," akasema mwishowe. "Sijui nitaipitaje, Nakijwa. Nitakuwa sina Novemba ya kujifichia."

"Nitakuja kulala kwako. Usiku huo na unaofuata."

"Na wako ni Agosti?"

"Agosti. Mwishoni."

"Haya," Naetwe akasema, akijiinua kwa kushika bega la mwenzake. "Agosti nitakuja mimi."